Kama Hapo Juu

Kwa mara ya nne mwaka ule, Daktari Gelasius alimtibu Esteria bila kumwona. Alinyoosha mkono akapokea daftari, akafunua ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akasoma mistari miwili, akaongeza wake mmoja, akalirudisha. Macho yake hayakupanda juu ya meza hata mara moja.

"Daktari, moyo wangu..."

"Nimesoma, mama. Imo humu."

"Sijakwambia bado."

"Imo humu. Nenda dirisha la dawa. Mwingine aingie."

Hospitali ile haikuwa na mafaili ya wagonjwa wa nje. Mtu alinunua daftari la shule kwenye duka linalotazamana na geti, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, nesi wa mapokezi akaandika jina juu, na tangu siku hiyo kila neno la daktari lilikaa humo. Ulilitunza mwenyewe nyumbani na ukaja nalo. Aliyelisahau alirudishwa hata kama amekuja kwa kubebwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini hapo mgonjwa hakuulizwa chochote. Kilichotibiwa ni daftari.

Esteria akatoka na vidonge vyake vya njano vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alivijua. Akivimeza alilala juu ya cherehani, na mara ya mwisho sindano ilimtoboa kidole ikatokea upande wa pili. Alipofika kwenye mtaro nje ya geti akavimwaga vyote, akasonya, akaenda zake.

Alikuwa fundi, na fundi hasa. Kwa miaka kumi na moja kibaraza chake cha mtaa wa Kashaulili kilishona sare za shule, magauni ya komunyo na mashati ya walimu, na hakuna aliyewahi kurudisha nguo. Halafu ukaja mwaka huo wa tisini na sita. Uzi ukaanza kukataa kuingia kwenye tundu la sindano. Pindo zikaanza kwenda kombo. Mwezi wa sita, watu wamejifunga mablanketi asubuhi, yeye jasho lilimtiririka mgongoni. Alikula ugali wa watu wawili na bado sketi zake zilimvuka kiunoni. Usiku moyo ulikwenda kama cherehani inayokanyagwa na mtu mwingine. Shingoni kulikuwa na uvimbe, ila mdogo, unaofichika kwa kitenge, na wala hakuushuku. Bibi yake mzaa mama, Mfipa wa huko milimani, alikuwa na goita ya kushika kwa mikono miwili, akalima nayo mpaka uzeeni. Goita haiui mtu, ndivyo walivyojua kwao.

Majirani wao walishampima kwa macho. Mwanamke akikonda miaka ile, jina la ugonjwa wake lilikuwa moja tu, na hata kulitamka hawakulitamka. Walihamisha tu vitambaa vyao kimya kimya kwa fundi mwingine.

Hasira nazo zilikuja. Tusidanganyane, Esteria hakuwahi kuwa mtu wa kumezea, lakini zamani hasira zake zilikuwa na sababu. Sasa ziliwaka zenyewe. Mwezi wa pili alimrushia mumewe sufuria kwa kosa la kuuliza chakula, na kesho yake ndipo mumewe, Cletus, karani wa chama cha wakulima wa tumbaku, alipompeleka hospitali kwa mara ya kwanza. Siku hiyo Esteria alikaa kwenye benchi la wagonjwa huku Cletus akisimama na kuongea yeye, kwa Kiingereza cha ofisini, na daktari akaandika. Alidhani mumewe anamsaidia.

Aliyemfumbua macho ni Vénérande, mkimbizi wa Burundi wa kambi ya Katumba, aliyekuja mchana wa siku ile ile ya vidonge kuchukua gauni lake la harusi ya binamu. Pindo lilikuwa limepinda kama njia ya ng'ombe. Esteria alikwisha kukaza uso akisubiri kutukanwa, na alikuwa na majibu tayari. Vénérande aliliweka gauni chini, akamtazama machoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Dada, nyosha mikono. Vidole vipanue."

"Wewe mganga?"

"Nyosha tu."

Esteria akanyoosha. Vénérande akachana kipande cha gazeti, akakilaza juu ya vidole vyake. Karatasi ikatetemeka, ikatetemeka, ikaanguka.

"Dada yangu alikuwa hivi," Vénérande akasema. "Macho hivi hivi, kutoka. Jasho, moyo, kula bila kunenepa. Padre daktari wa misheni ndiye alimwekea karatasi. Akasema ni hapa." Akagusa shingo ya Esteria chini ya kitenge. "Uvimbe ukiwa mdogo hivi si kwamba ni mpole."

"Akapona?"

"Hapana. Alifika misheni amechelewa, moyo umechoka. Huko alikotoka walikuwa wanamwambia ni mawazo." Akalikunja gauni lenye pindo la kombo, akaliweka kwapani. "Dawa zipo. Lakini lazima damu ipimwe hospitali kubwa, labda Mwanza. Na kule hawapokei mtu asiye na barua ya daktari wa kwao. Itafute hiyo barua, dada. Usikae."

Jioni Cletus alimkuta mkewe mezani, daftari limefunguliwa mbele yake na mkasi wa kazi juu ya daftari.

"Baba Kelvin, nisomee."

"Si walishakwambia. Upumzike."

"Sikuuliza walichoniambia. Nisomee walichoandika."

Cletus akavaa miwani, akaivua, akaipangusa. Kisha akasoma, akitafsiri taratibu kama mtu anayetembea juu ya miba. Februari: mume anaeleza kwamba mkewe amekuwa mgomvi, anarusha vyombo, ana wivu na mawazo mengi. Hana ugonjwa. Apewe dawa ya kutuliza. Sahihi ya Gelasius.

"Endelea."

"Mei. Kama hapo juu."

"Endelea."

"Julai. Kama hapo juu." Akameza mate. "Na hii ya leo."

"Soma."

"Kama hapo juu."

Esteria alimtazama mwanamume aliyezaa naye watoto watatu na akahisi kumchukia kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kinavaa miwani. Miezi saba alibeba shtaka lake mwenyewe kwapani, akilifunika na mfuko wa nailoni lisilowe mvua, akalipeleka kwa mkono wake ili asomewe hukumu.

"Wivu uliutoa wapi?"

"Mama Kelvin, mimi nilieleza nilichokiona. Sufuria hukurusha?"

"Nilirusha. Na ningekuwa na lingine ningerusha sasa hivi." Akachukua mkasi, akauweka mbali, kwa sababu hakuuamini mkono wake. "Mimi nakufa, Cletus. Nakufa kwa maneno yako."

Cletus alisema pole. Aliisema mara mbili, kwa sauti ndogo.

Jumatatu Esteria alinunua daftari jipya. Alijifunga ushungi mpaka kwenye nyusi, akajipanga kwenye foleni peke yake, na daftari la zamani akalificha ndani ya kikapu chini ya khanga. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mtu asiye na hapo juu hawezi kuandikiwa kama hapo juu. Kilichomtisha ni meza ya mapokezi, maana nesi wa pale, Suzana, alikuwa na ulimi mkali na kumbukumbu ndefu kuliko ulimi. Akimtambua atamfukuza mbele ya watu, na barua itakuwa imepotea hivyo.

"Jina."

"Katarina Manyanda."

Kalamu ikasimama. Suzana akainua uso. Aliutazama ule ushungi, akayatazama yale macho ambayo ushungi hauwezi kuyaficha, akaitazama mikono iliyoshika ukingo wa meza.

"Wewe si ndiye uliyemwaga dawa mtaroni wiki iliyopita?"

Nyuma ya Esteria mtu mmoja akakohoa, mwingine akasogea ili asikie vizuri. Ilikuwa zamu yake kuwaka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze hasira zilimkatalia, akabaki amesimama tu kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

"Nimekuuliza."

"Ni mimi."

"Wanaozipanga zile dawa ni sisi, unajua?" Suzana akasema kwa chuki, kisha akainamisha kichwa na kuandika kwa herufi kubwa: KATARINA MANYANDA. Akalisukuma daftari. "Na mimi ningezimwaga. Pita. Ukinitaja sikujui."

Chumbani Daktari Gelasius alikuwa anamalizia chai. Akanyoosha mkono bila kuinua uso, kiganja juu, kama siku zote. Esteria hakumpa daftari. Alilifungua katikati, akalilaza juu ya vidole vyake vilivyonyooshwa, akalisogeza mpaka likawa mbele ya pua ya daktari.

Kurasa nyeupe zikaanza kucheza. Hapakuwa na upepo, dirisha lilikuwa limefungwa. Zilicheza zenyewe, zikichakarika, mpaka mkono wa daktari uliokuwa unasubiri ukashuka, na uso wake ukapanda taratibu kutoka kwenye daftari hadi kwenye vidole, kutoka kwenye vidole hadi machoni.

"Weka chini," akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Kaa. Ondoa ushungi."

Alimshika kifundo cha mkono akitazama saa. Akahesabu, akahesabu tena. Akamwambia ameze mate, akazunguka nyuma yake na kumpapasa shingo kwa vidole viwili. Akamwambia afuate kalamu kwa macho. Aliijua kazi yake, huyu mtu. Hilo ndilo lililomchoma Esteria kuliko yote, kwamba aliijua vizuri namna ile na siku zote ilikuwa imekaa bure upande wa pili wa meza.

"Moyo mia na arobaini," akasema, akivuta karatasi ya rufaa. "Hii ni goita ya sumu, mama, inayoukimbiza moyo. Imekaa mwilini miezi. Nitakupa dawa ya kushusha mapigo na barua ya Mwanza, upande treni ya kesho kutwa." Akatikisa kichwa huku akiandika. "Lakini nyie akina mama mna nini? Mnakaa nyumbani na ugonjwa, mnazunguka kwa waganga wa kienyeji, mpaka mambo yaharibike ndiyo mtukumbuke. Kwa nini umechelewa hivi?"

Barua ilikuwa mbele ya daktari, na jina la Katarina lilikwisha kuandikwa. Mhuri ulikuwa karibu na kiwiko chake. Esteria angenyamaza tu dakika mbili, angetoka nayo. Angepanda treni kama Katarina, angepimwa kama Katarina, na kama moyo wake ungekuwa umechoka kama wa dada yake Vénérande, angezikwa Mwanza kama Katarina, na Gelasius angeendelea kunywa chai. Alijua kabisa kwamba akifungua mdomo, mtu huyu anaweza kuichana ile karatasi. Akaingiza mkono kwenye kikapu.

Daftari la zamani lilitua juu ya barua.

"Nini hiki?"

"Ni kuchelewa kwangu."

Daktari akafunua. Akasoma maandishi ya Februari. Akashuka kwenye ya Mei, na ya Julai, na ya mwisho, kisha akarudi kuitazama sahihi yake. Nje foleni ilikuwa inanung'unika. Mlangoni Suzana alikuwa amesimama na rundo la madaftari, hasogei.

"Umetoa jina la uongo kwenye hospitali ya serikali," Gelasius akasema hatimaye. "Unajua naweza kukuitia polisi?"

"Waite. Nitawaletea madaftari yote mawili. Moja lina jina la uongo, na lingine lina uongo ndani. Wachague la kuanzia."

"Mumeo mwenyewe ndiye alieleza..."

"Mume wangu haumwi."

Gelasius akamtazama Suzana kama mtu anayetafuta shahidi, na Suzana akatazama dari. Mwishowe daktari akaikunja ile barua katikati, akaitupa kwenye kapu la taka. Moyo wa Esteria, ambao haukuwa na pa kuongeza mbio, uliongeza. Lakini mkono wa daktari ulifungua mtoto wa meza ukatoa karatasi nyingine safi ya rufaa, ukaandika juu yake pole pole: Esteria. Chini ya jina palikuwa na nafasi ya maelezo ya mgonjwa, mistari sita. Kwa mazoea ya miaka, akalivuta daftari la zamani karibu ili anakili.

Esteria akaweka kiganja juu ya daftari. Mkono ulitetemeka, na meza nayo ikatetemeka, na kikombe kikalia ndani ya kisahani chake.

"Usisome humo," akasema. "Niulize mimi."

Gelasius alikaa na kalamu hewani. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu maneno ya lugha ngeni, akauliza:

"Unaumwa nini, mama?"