Anayehusika Atoke Nje

Kanuni ilikuwa ya Mwenyekiti mwenyewe, na aliipigania kwa jino na ukucha siku shirika lao la dini mbalimbali lilipoanzishwa: kabla ya shauri lolote kujadiliwa, mjumbe mwenye undugu na mhusika aseme ni nani wake, kisha atoke nje. Shehe na mchungaji walimtania kwamba hakimu hata akistaafu haachi kuhukumu.

Leo katibu alisoma ombi la mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kubadili dini. Alitaka shirika limpe wakili. Alitumia jina la mume, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka isipokuwa Mwenyekiti. Mwalimu huyo alikuwa kitinda mimba wake.

Tangu binti abadili dini, mzee hakutaka hata kusikia habari zake. Wenzake wakimuulizia watoto, aliwataja wakubwa tu. Huku akipanda majukwaani kuhubiri uhuru wa kuabudu! Watoto wa watu walikuwa huru kuamini walichotaka. Wa kwake alimfungia mlango.

"Kuna mwenye undugu na mhusika?" katibu aliuliza, kalamu ikiwa tayari kuandika hapana, kama kawaida.

Mzee akinyamaza, siri ingebaki salama. Lakini mwajiri akija kuigundua, angelalamika kwamba kanuni imevunjwa, uamuzi wote ungetupwa, na binti angekosa wakili.

"Mimi," alisema.

"Wewe? Ni nani wako?" shehe aliuliza, akicheka.

"Binti yangu. Wa kumzaa."

Shehe aliacha kucheka. Mchungaji alivuta kiti chake ili mzee apite. Mzee aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na si kwa sababu ya binti.

Nje, binti alikuwa kwenye benchi akisubiri jibu. Alisimama, mkoba kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Wameshaamua?"

"Bado. Mimi wamenitoa."

"Kwa nini?"

"Kanuni. Mwenye mtoto kwenye shauri hakai ndani."

Binti alimtazama. "Kwa hiyo umewaambia."

"Nimewaambia."

Mzee aliketi, akapigapiga benchi kando yake. Binti alibaki amesimama. Hatimaye naye akaketi, lakini mkoba akauweka katikati yao, na mzee hakuthubutu kuusogeza.