Pini ya Breki ya Nyuma

Jumapili hiyo Tina alikuwa ameshuka kwenye maegesho ya ghorofa lao la Point, Durban, tangu saa kumi na mbili asubuhi, boksi la spana mkononi na kitenge begani. Kitenge alikitandaza chini kando ya pikipiki ya kaka yake. Kila kipande alichokitoa kwenye breki ya nyuma alikilaza juu yake kwa mpangilio, kuanzia kushoto kwenda kulia, ili akirudisha aanzie kulia kurudi kushoto. Shule aliiacha darasa la tano kule Bukavu, lakini mpangilio huo haukuwahi kumpotea.

Pikipiki ilikuwa ya Kichina, tangi jekundu na mkia mweusi, kwa sababu mkia ulitoka kwenye pikipiki nyingine iliyokufa. Siku za kazi Gustave alipelekea watu chakula nayo mjini. Jumapili alimpakia mke wake, Élisabeth, wakapanda hadi Pinetown kanisani. Na kila alikokwenda aliwaambia watu kwamba hapeleki pikipiki kwa fundi, fundi anaye nyumbani. Alishamwambia hata Jules, mwimbaji mwenzao wa kanisani mwenye gereji kule Bluff, kwamba mdogo wake anafaa kuajiriwa. Jules alijibu, "Mlete Jumatatu, niione hiyo mikono." Jumatatu yenyewe ilikuwa kesho. Wiki nzima Tina hakulala vizuri.

Saa tatu kasoro Gustave na Élisabeth waliteremka ngazi mbio mbio, yeye amevaa suti, mke wake sketi nyeupe ya kwaya.

"Fundi! Tayari?" Gustave aliita akiwa bado mbali.

"Bado kidogo, yaya," Tina alijibu, kwani kwao kaka mkubwa huitwa yaya.

"Kidogo ni ngapi? Kwaya inaanza saa nne."

Tina alikuwa amerudisha karibu kila kitu. Ulibaki mkono mmoja wa chuma, ule unaoshika sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Alipachika bolti yake, akazungusha nati, akanyoosha mkono kuchukua spana.

"Na mimi nitakaaje na sketi nyeupe kwenye kiti hiki?" Élisabeth alisema. Akainama, akakikamata kitenge pale chini, akakikung'uta mara mbili hewani, akajifunga kiunoni. Hakuna mwanamke wa kwao anayepanda pikipiki bila kujifunga kitenge juu ya sketi, na hicho kilikuwa cha karibu.

"Wifi, ngoja, kuna vitu hapo..."

"Vitu gani? Ni vumbi tu. Utakifua wewe."

Gustave alikwisha piga starter. Tina akawahi kuokota helmeti akampa wifi yake, akasogeza boksi lisikanyagwe, na pikipiki ikatoka getini ikikohoa. Akabaki amesimama, mikono imejaa grisi, akiwa na hisia ya mtu aliyetoka nyumbani bila kujua kama amefunga mlango.

Alikusanya spana. Akapanda kufua na kupika, boksi akaliacha hapo; saa tano akashuka kufagia. Kwenye mdomo wa mfereji, karibu kabisa na nondo za mfuniko, kitu kiling'aa. Aliinama akakiokota.

Ilikuwa pini ndogo ya miguu miwili, ile inayopitishwa kwenye tundu la bolti kisha miguu yake ikakunjwa huku na huku ili nati isije kufunguka. Ile kuukuu aliikata asubuhi ile ile kwa koleo, ikavunjika vipande viwili. Hii ilikuwa mpya, ile aliyoilaza kwenye kitenge isubiri nati. Miguu yake ilikuwa imenyooka kabisa, haijawahi kukunjwa.

Alifumba macho akajaribu kuiona tena asubuhi. Aliikumbuka nati ikizunguka kwa vidole. Alikumbuka kunyoosha mkono kuchukua spana. Kukaza hakukukumbuka.

Pikipiki ile ilitikisika kama sahani kabatini lori linapopita. Nati isiyokazwa, bila pini, ingejifungua yenyewe. Ikidondoka, siku Gustave atakapokanyaga breki kwa nguvu, sahani ingezunguka na gurudumu, na gurudumu lingekwama hapo hapo. Kwenda Pinetown njia nyingi ni ya kupanda, mtu hahitaji breki sana. Kurudi ndiko kulikomtisha.

Kwa maana Gustave alikuwa na tabia aliyotoka nayo Bukavu. Akifika kichwani mwa mteremko, anazima injini. Kule kwao dereva wa pikipiki anayeshuka huku injini inanguruma anachekwa kama mtu anayemwaga essence, yaani petroli, chini. Durban ina vilima kama Bukavu, na Gustave hakukiacha hata kimoja. "Mungu ameweka mteremko bure," alikuwa akisema, "mimi nichome essence ya nini?" Injini ikizimwa hakuna kingine cha kuizuia pikipiki ila breki. Na ya mbele hakuiamini. Alikanyaga ya nyuma peke yake.

Tina alipiga simu. Ya Gustave imezimwa. Ya Élisabeth imezimwa. Alijua lakini alipiga tena mara sita. Kanisani kwao simu zinazimwa mlangoni na kuachwa kwenye kikapu, na Désiré, shemasi, hakitoi kikapu mpaka amina ya mwisho.

Upande wa pili wa maegesho, Pontien alikuwa akiosha pikipiki yake. Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini hivi, jirani wa chini, na kila Jumapili aliiosha kama anamwogesha mtoto mchanga. Miaka miwili walikaa jengo moja, na Tina hakuwahi kumwambia zaidi ya shikamoo. Alimwendea. Alifika karibu, akageuka, akatembea hadi getini, akarudi.

"Kaka Pontien."

"Dada Tina! Umenisalimia asubuhi, na sasa tena? Basi leo mvua itanyesha."

Alifungua kiganja tu. Pontien alikausha mikono kwenye suruali, akaichukua pini, akaitazama kwenye jua.

"Mpya hii. Ya wapi?"

"Breki ya nyuma. Ya yaya Gustave."

"Na pikipiki iko wapi?"

"Pinetown."

"Eish." Pontien alidondosha sponji kwenye ndoo. "Na yule anavyoshuka milima kimya kimya kama mwizi wa kuku! Lete helmeti ya mke wangu, iko pale kwenye ukuta. Ni kubwa, utaishika kwa mkono."

Waliondoka pikipiki ikiwa bado na povu. Spana namba kumi na nne Tina aliitia mfukoni, koleo mfuko wa pili, na pini aliifumbata ngumini kwa sababu mifuko hakuiamini tena.

Pontien alikuwa mwendeshaji mzuri, na hapo ndipo tabu ilipokuwa. Kila robot, taa za barabarani, ikiwa ya njano alisimama. Kila gari lililotaka kupita alilipisha, na kwa mkono akaliaga. Walipoingia barabara kuu ya kupanda Westville, malori yaliwapita yakiwapeperusha kama nguo kwenye kamba.

"Kaka, ongeza!"

"Nimeongeza!"

"Iko sitini!"

"Sitini ni ya watu wenye watoto!"

Tina hakutazama mbele hata kidogo. Alitazama upande wa pili, wale wanaoshuka kuelekea mjini. Kila pikipiki iliyotokea juu kule aliifuata kwa macho mpaka ilipokaribia: bluu, nyeupe, ya polisi. Moja ilikuwa na tangi jekundu na mwanamke nyuma yake. Tina alijikuta amempiga Pontien mgongoni kwa ngumi.

"Ndiyo yeye?"

Haikuwa yeye. Mkia wake ulikuwa mwekundu pia.

"Nisamehe, kaka."

"Piga tu, dada. Mradi usinipige kwenye kona."

Saa ya simu ilisema sita kasoro dakika ishirini. Kwa kawaida ibada ilimalizika saa saba, lakini mchungaji akiwa na safari iliwahi kumalizika saa sita. Leo ana safari au hana? Hakumbuki. Alijichukia kwa kutojua ratiba ya mchungaji.

Kanisa lilikuwa bohari la kupanga katikati ya viwanda vya Pinetown. Walipokata kona walisikia ngoma bado zinapigwa, na Tina akashuka kabla Pontien hajasimama. Pikipiki ya Gustave ilikuwa imeegemea ukuta. Alipiga magoti kwenye kokoto, akapeleka vidole nyuma ya gurudumu.

Nati ilizunguka kwa vidole viwili, bila hata kubisha. Ilikuwa imejisogeza mpaka ukingoni mwa bolti. Alihesabu meno yaliyobaki kuishika: mawili.

Alikaa chini hapo hapo. Kisha akainuka, akaikaza kwa spana mpaka mkono ukauma, akapitisha pini kwenye tundu, akakunja miguu yake kwa koleo, mmoja huku, mwingine huku. Akakanyaga breki. Akakanyaga tena. Akazungusha gurudumu, akakanyaga tena.

"Basi," Pontien alisema kwa sauti ya chini. "Imekwisha. Panda twende kabla hawajatoka. Mimi macho yangu yana sabuni, sijaona kitu."

Tina alimtazama. Lilikuwa neno jema, alijua. Jules alikuwa ndani humo humo, akiimba besi. Kesho ilikuwa Jumatatu. Alisimama na koleo mkononi, mguu mmoja ukitaka kwenda na mwingine umegoma, na alikuwa bado hivyo ngoma ziliponyamaza na mlango wa bohari ukafunguliwa.

Gustave alitoka akicheka na wanaume watatu, Jules akiwa mmoja wao.

"Ah! Fundi wangu! Umekuja kuokoka?" Kisha akayaona magoti yake yenye kokoto. "Kuna nini? Nyumba imeungua?"

"Nati ya breki ya nyuma," Tina alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nati ya breki ya nyuma sikuikaza, yaya. Na pini sikuweka. Nimeikuta imebakiza meno mawili. Sasa nimeikaza."

Élisabeth alikuwa amefika nyuma yao, kitenge kiko mkononi.

"Meno mawili?" Gustave aliuliza. "Nimempandisha mke wangu mpaka huku kwa meno mawili?"

"Ndiyo, yaya."

"Nyinyi ndugu," Élisabeth alisema, "mtaniua siku moja bila hata kuniaga." Akakitazama kitenge. "Na hivyo ndivyo vitu ulivyokuwa unasema asubuhi?"

Jules alichuchumaa, akaigusa pini, akaitikisa nati. Akainuka akipangusa suti yake. Hakusema imekaa vizuri, hakusema imekaa vibaya. Alimuuliza tu, "Nani amekuambia uje?"

"Hakuna mtu."

"Mm," alisema Jules, akaenda kwenye gari lake.

Gustave alizunguka pikipiki mara mbili kama anataka kuinunua. Alikuwa amekasirika, Tina aliona kwenye shingo yake. Mwishowe akamgeukia mke wake. "Wewe utarudi na Pontien."

"Pontien? Tutafika Jumanne!"

"Ndiyo, na Pontien. Kule kwetu fundi akifunga breki, mteremko wa kwanza anapanda yeye nyuma. Ndiyo sheria. Baba alifanya hivyo, na mafundi wote wa Kadutu, Bukavu, wanafanya hivyo. Asubuhi niliiruka kwa sababu ya kwaya." Akamtupia Tina helmeti. "Panda."

Tina alipanda. Walipita maduka, wakaingia barabara kuu, na kichwani mwa mteremko, pale ambapo mji mzima unaonekana chini hadi meli zinazongoja nje ya bandari, aliuona mkono wa kushoto wa kaka yake ukiacha usukani na kwenda kwenye ufunguo.

"Usizime," alisema.

"Nini?"

"Usizime injini, yaya! Mimi niko nyuma, na mimi ndiye fundi. Usizime!"

Mkono ulikaa pale juu ya ufunguo. Labda ilikuwa sekunde mbili. Kisha ukarudi usukanini, na wakashuka injini ikinguruma, essence ikiungua bure mbele ya Mungu na watu. Kila Gustave alipokanyaga breki Tina alisikiliza kwa nyayo za miguu. Iligusa, ikaachia. Iligusa tena.

Walipotoka kwenye barabara kuu, robot ya kwanza ilikuwa nyekundu, magari yamejipanga. Gustave alikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, makusudi, na pikipiki ikasimama sawasawa nyuma ya bakkie moja, pikapu iliyobeba magodoro.

"Haya," alisema bila kugeuka. "Umeridhika?"

Tina alikuwa ameshashuka. Alipiga goti kwenye lami katikati ya magari, akapeleka vidole nyuma ya gurudumu la moto, akaitafuta nati. Haikusogea. Akaigusa miguu ya pini, mmoja, wa pili. Akairudia nati.

"Tina! Robot imefunguka! Tina, watu wanapiga honi!"

"Ngoja, yaya," alisema. "Ngoja kidogo."