Mguu wa Kulia wa Kalinga

Kalinga wa Idodi alipona saratani ya ngozi miaka mingi iliyopita, ila kupona kwenyewe hakukumrudishia usingizi. Doa jeusi lilimtoka chini ya mguu wa kulia, akapelekwa Mbeya, madaktari wakalikata pamoja na nyama ya kisigino, wakachuna ngozi ya paja wakapachika pale. Akawa mwanamume pekee kijijini anayekanyagia paja lake mwenyewe. Mzaha huo ungemfaa, lakini hakuwa na moyo wa kuusema. Alivaa soksi mchana, akalala na soksi, na mkewe Severina, aliyemzalia watoto watano, hakuwahi kuuona wayo ule tangu bendeji zitolewe.

Kila asubuhi alijifungia chooni na kioo cha mkewe, akauchungulia. Severina aliona mzee ameanza kujipamba, akawa anamtupia jicho baya mjane wa jirani.

Kwaresima ilipoanza, kioo kikamwonyesha doa jipya, dogo kama punje ya ulezi. Hakusema. Kliniki alishaacha kwenda. Aliona daktari asipolitaja jina, ugonjwa hautaitika. Chakula kikamshinda, akawa anafokea hata kuku.

Ndipo akaja Filemoni, katekista.

"Kamwene, mzee. Padri Didas amekuchagua kati ya wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu."

"Tafuta mwingine. Mimi mwenye dhambi."

"Tukisubiri watakatifu hapa Idodi, mzee, maji yatapoa."

Severina akapiga vigelegele huko jikoni. "Atakuja! Baba Eveline atakuja!"

Jumatano wateule wenzake walijisugua miguu kwa jiwe na sabuni, ili padri asikute cha kuosha. Kalinga alikaa tu, anatazama kiatu chake.

Alhamisi wakapangwa kwenye benchi mbele ya altare. Padri Didas akaja kwa magoti na beseni, na kila mzee akatoa mguu wa kulia. Kalinga akatoa wa kushoto.

"Wa kulia, mzee," padri akanong'ona.

"Huu ndio mzuri, Padri."

Watu wakacheka. Filemoni, kwa huruma zake za kukurupuka, alidhani mgongo unambana mzee asiweze kuinama. Akachutama, akamvua kiatu cha kulia, akachomoa na soksi.

Kicheko kikakatika. Kisigino kilikuwa kimebonyea, ngozi inang'aa kama kiraka cha mpira. Padri hakushtuka, akamimina maji, akafuta taratibu. Kalinga alikaza macho pale. Alikuwa na katumaini kadogo, kwamba maji ya kanisani yangeliondoa lile doa. Doa halikutoka.

Severina akainuka upande wa wanawake, akaja mpaka mbele, akauinua ule mguu kwenye mwanga.

"Hili jeusi limeanza lini?"

"Kaa chini, Mama Eveline. Tuko kanisani."

"Nimeuliza lini."

"Kwaresima."

"Kwaresima nzima huli, na mimi najisifu kwa wenzangu kwamba mume wangu anafunga!"

Hakuna aliyecheka, maana alikuwa analia.

Pasaka ilipopita akamburura hadi Mbeya. Wakakata kipande, wakapima. Majibu yalipotoka, daktari akasema ni damu iliyovilia, kiatu kinambana. Severina akamshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka.

Walipofika nje Kalinga akasema, "Labda wamechanganya na ya mtu mwingine."

"Baba Eveline!"

"Nasema labda."

Severina akamtazama, hasira zikamwisha. "Basi nyumbani nitakuangalia mimi. Kioo changu ukiache."

Siku hizi kila Jumapili Kalinga hulala kwenye mkeka uani, mguu uko mapajani mwa mkewe.

"Hakuna kitu."

"Pembeni umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Na katikati ya vidole?"

Severina anaanza upya, kidole gumba kwanza, na Kalinga anabana pumzi mpaka afike cha mwisho.