Mapacha wa Mabira

...na kama nasimulia vibaya nisamehewe, mimi nimezoea jukwaa, watu wakicheka najua nimefika wapi, humu kichwani hacheki mtu, tupo mimi na kioo cha kompyuta chenye maandishi mekundu, KIPANDE CHA MABIRA HAKIPATIKANI, KIANZE UPYA KIKIWA KITUPU?, na kidole changu kinaning'inia juu ya kitufe cha ndiyo kama kuku aliyedhani ameona panzi, na dirishani mzee Kaijage wa Mabira na mtamba wake wa mahari, "Ambrose, wakwe wanangoja Murongo, hereni yake hii hapa sikioni, soma namba," nimeisoma mzee, namba naiona, chanjo ndiyo siioni, na bila chanjo kibali sitoi, na bila kibali mtamba havuki kizuizi, na bila mtamba kijana wako leo haoi... radi! radi imeunguza ofisi ya mifugo ya Mabira, sawa, radi ni radi, lakini si ndiyo maana taarifa za ng'ombe tulizigawa, kipande Kaisho hapa, kipande Murongo, kipande Mabira, na kila kipande kina nakala kwenye kompyuta nyingine, moja ikifa nyingine inashika, semina nzima niliichekesha, nikasema hata mchawi hawezi kuziua zote kwa mpigo, basi nakala iko wapi, nikibonyeza ndiyo mfumo utaamka, kioo kitageuka kijani, na ng'ombe wote wa Mabira watakuwa hawajachomwa sindano tangu kuumbwa, hata fundi akiokoa kitu kwenye yale majivu hakitakuwa na pa kurudi, nisipobonyeza tunakodoleana macho hadi bibi harusi azeeke, "Adelard! Upo Mabira hapo? Nakala aliiweka nani, na wapi? Mpumbavu huyo nikimpata namfunga kamba shingoni namkabidhi mzee Kaijage!" na simu inakwaruza, Adelard, mwenzangu wa ofisi ya Mabira, hajawahi kuwa na haraka, "Kaka, nakala si alikuwa nayo Kato," Kato gani tena, "Kompyuta ya pili. Ya kwanza Ishengoma, ya pili Kato. Zilikuwa meza moja, zimeungua zote," meza moja! nani huyo mwenye akili ya... ngoja... zilikuja siku moja, boksi moja, zimefanana hadi mikwaruzo, na mtu mmoja akasimama na kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, akazipa majina ya mapacha, vigelegele, akasema kwetu pacha hapewi kitu mwenzake akakosa, ukiwatenganisha unaita balaa, na Kato aliyetakiwa kuletwa Kaisho akabaki Mabira kando ya ndugu yake, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, naye akainama kushukuru, kuinama kule nakujua, kitambi kile nakijua... "Kaka, upo?" nipo, kidole kipo, kitufe kipo, wekundu uleule, mtamba ameanza kutafuna pazia la ofisi, "Sasa Ambrose, wakwe nitawapelekea nini?"... mzee, lete kamba, mnyama yupo, ameketi kwenye kiti hiki, hana pembe, na chanjo yake nayo haionekani.