Kiota cha Tatu

Mfamasia na wifi yake walikuwa na ugonjwa mmoja, na dawa yake haikuwa dukani. Kila Jumapili, watu wenye akili zao wakiwa bado wamejifunika shuka, wao walikuwa wamechutama kwenye matope nje ya mji, kamera zimeelekezwa kwenye matete, wakimngoja ndege ambaye hakuwa na miadi nao. Mfamasia alikuwa na duka lake la dawa karibu na soko. Wifi, mke wa kaka yake, alipiga picha za eksirei hospitalini. "Wiki nzima napiga mifupa," alikuwa akisema, "Jumapili niacheni nipige manyoya." Kaka mtu, ambaye alimwogopa hata kuku mwenye vifaranga, aliwapa funguo za gari na kurudi kulala.

Ndege wao wa moyoni alikuwa korongo taji, yule mrefu mwenye kishungi cha dhahabu, anayetembea kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga pindo. Korongo huyu hutaga chini, ndani ya majani ya kinamasi, na balaa lake ndilo hilo. Wapo matajiri wanaopenda kumwona akizungukazunguka bustanini mwao, na wapo wanaoishi kwa kuwaletea, wakichukua mayai na makinda yasiyoweza kuruka. Kwa hiyo wanawake hao wawili waliwekeana sheria. Picha utamwonyesha umtakaye, lakini mahali hutamtajia hata mumeo.

Kiota cha kwanza kiliporwa siku chache tu baada ya wao kukipata. Walisikitika pamoja, wakawalaani wezi pamoja. Kiota cha pili, mbali kabisa na kile cha kwanza, kilipoporwa nacho, hawakumlaani mtu. Walisimama wakitazama majani yaliyolazwa na nyayo za mabuti, kisha kila mmoja akajifanya ana shughuli na kamera yake.

Siku hiyo ndipo mdudu alipomwingia Mfamasia. Walioijua siri walikuwa wawili. Yeye hakuisema. Sasa nani? Hakutaka kulijibu swali hilo, lakini lilimfuata hadi dukani, likasimama naye kauntani akihesabu vidonge vya watu, mpaka akampa mzee wa kikohozi dawa ya minyoo na kulazimika kumkimbilia barabarani.

Tangu hapo kila alichofanya wifi kilikuwa na walakini. Zamani alikuwa na maneno mengi garini. Sasa alitazama dirishani. Zamani aliuliza, "Jumapili tunakwenda wapi?" Sasa aliuliza, "Na jana mchana ulikuwa wapi?" kama askari wa upelelezi. Simu yake ikiita, alisogea pembeni kuipokea. Mara mbili Mfamasia alimfuma akimtazama kwa pembe ya jicho. Kikulacho ki nguoni mwako, Mfamasia alijisemea, na methali ikishaingia kichwani mwa mtu mwenye shaka, huitoi hata kwa koleo.

Angeweza kuuliza. Watu wazima huuliza. Yeye akatega mtego.

"Wifi," alisema wakiwa garini, "nimeona korongo pale bwawani, kwenye kile kiwanda cha matofali kilichofungwa. Nadhani wanaatamia."

"Umewaona lini?"

"Juzi. Ila tusiwasumbue kwanza. Twende mwisho wa mwezi."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu."

"Haya," wifi akasema.

Kwenye bwawa hilo hapakuwa na korongo wala unyoya wake. Korongo wa kweli Mfamasia alikuwa amewapata kwingine, nyuma ya mabwawa ya majitaka ya mji, mahali panaponuka hata mbwa hupita mbio. Habari zao hakumwambia mtu yeyote. Alimpiga picha jike akiinuka kugeuza mayai, jua likiwaka ndani ya kishungi chake, na hajawahi kupiga picha nzuri kama ile. Akaiweka kwenye ukurasa wake kama alivyozoea, bila kutaja mahali. Sifa zikamiminika. Wifi peke yake hakusema kitu, na kimya hicho nacho Mfamasia akakihesabu kuwa ushahidi.

Jumapili iliyofuata alisingizia homa. Alfajiri alikuwa tayari amejibanza nyuma ya tanuri bovu la matofali, lenzi ndefu imeelekezwa bwawani, akiwinda mtu badala ya ndege. Hakungoja sana. Wifi alikuja peke yake, suruali imekunjwa hadi magotini. Alitazama kulia na kushoto jinsi anavyotazama mtu asiyetaka kuonekana, kisha akaingia kwenye matete na kuanza kuyapekua kwa mikono. Mfamasia alimpiga picha moja baada ya nyingine. Ilimuuma. Ilimfurahisha pia, kwa sababu hakuna utamu kama wa kujua ulikuwa sahihi, na utamu huo umewatia wengi shimoni.

Mchana wa siku hiyohiyo alimwonyesha kaka yake.

"Dada, una hakika?" kaka aliuliza, akizirudia picha.

"Tulioijua siri ni wawili. Hukunizaa wewe, lakini unanijua."

Kaka mtu hakuwa na kipaji cha kusema jambo taratibu. Alimuuliza mkewe mezani, mbele ya mama mkwe, kama ni kweli anawauzia watu makinda ya ndege. Mama mkwe aliacha kutafuna. Wifi aliweka kijiko chini.

"Nani kasema?"

Picha zilikuwa kwenye simu ya mumewe, na bwawa lile alikuwa ametajiwa na mtu mmoja tu. Hakujitetea wala hakulia. Alikunja nguo zake chache akaenda kwa dada yake, ghorofa ya tatu, jirani na hospitali. Watu wa nyumba ile walianza kuongea kwa sauti za msibani.

Wiki ilipopita, Mfamasia alikwenda peke yake nyuma ya mabwawa ya majitaka kuwaona korongo wake. Alikuta majani yamelazwa, ganda moja la yai limevunjika, na nyayo za mabuti zimejaa maji. Jike alikuwa amesimama ng'ambo ya kinamasi, akiita.

Kiota hicho alikijua mtu mmoja tu.

Mwanzoni alimtafuta mwingine wa kumlaumu, maana binadamu hakosi. Hakumpata. Akachutama pale kwenye uvundo akaifungua ile picha yake nzuri kwenye simu. Nyuma ya kishungi cha dhahabu ulisimama mnara wa umeme, namba yake imepakwa rangi nyekundu, inasomeka vizuri kabisa, kwa sababu lenzi ilikuwa ya bei. Chini ya picha, katikati ya sifa zote ambazo alizisoma harakaharaka akitafuta jina lake, mtu asiyemjua alikuwa ameandika, "Hapo ni mabwawa ya majitaka. Huo mnara naupita kila siku." Akatafuta picha ya kiota cha kwanza. Tangi la maji na jina la shule. Ya pili, daraja la reli. Alikuwa amewachorea wezi ramani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamkamata wifi yake.

Akazipanda ngazi hadi ile ghorofa ya tatu, na matope yake miguuni. Wifi alifungua mlango, akabaki amesimama kizingitini.

"Si wewe," Mfamasia akasema. "Ni mimi. Ni picha zangu." Akaeleza yote, mnara, tangi, daraja, na ule uongo wa kiwanda cha matofali.

"Lakini nisaidie jambo moja," Mfamasia alimalizia. "Kule kiwandani ulifuata nini peke yako?"

"Nilikwenda kuangalia kama umeshawaiba."

"Mimi?"

"Tulioijua siri si wawili? Na mimi najua kuhesabu mpaka mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu kiota cha pili. Kama wewe. Nikapekua matete yale yote, nikakuta patupu, nikajua umeshawauza."

"Na kaka hukumwambia."

"Nimwambie nini, kwamba dada yake mwizi? Nilirudi nyumbani, nikampa mama yako dawa zake, nikanyamaza. Nilisema hata kama ameiba, ni wifi yangu, nitatafuta siku nikae naye."

Mfamasia alilia, na hakuficha. Alisema angekwenda sasa hivi kwa kaka na mama, awaambie kila kitu, hata kama mama angemtukana.

"Nenda," wifi akasema. "Nitashukuru. Kwangu nitarudi."

"Na Jumapili?"

"Nimeomba zamu za Jumapili."

"Ipi?"

"Zote."

Wifi akamshika Mfamasia mkono, akaubana kidogo, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.