Kipanya Chepesi Kuliko Vyote

Mdogo wangu Vukašin alitaka kipanya kipya cha kompyuta, na mimi ndiye niliyempeleka mji wa Niš, kwa sababu mama yetu yuko Linz anaogesha wazee wa watu na baba alishatutoka. Nilifunga saluni siku ya Alhamisi, siku ambayo wanawake wa mji wetu wa Zaječar wanajazana kwangu kutia rangi nywele, na kila aliyeuliza nilimwambia sababu. Nilisema kwa fahari, sifichi. Jumamosi kijana wetu anakwenda Belgrade kwenye majaribio ya klabu kubwa ya michezo ya kompyuta, klabu yenye nyumba yake, mpishi wake na mshahara kila mwezi, na kabla ya hapo anahitaji kipanya kitakachomkaa vizuri mkononi. Baadhi yao walinicheka. Tijana, unafunga saluni kwa ajili ya kipanya? Niliwatia rangi vizuri tu siku iliyotangulia, lakini sura zao ninazikumbuka.

Watu hawaelewi. Kwa mchezaji wa michezo ya kulenga na kupiga, kipanya ndio mkono wenyewe. Vukašin alianza na kile kizito cha ukumbi wa michezo ya kompyuta karibu na stesheni, kizito kama kipande cha sabuni ya kufulia, na kwa kipanya hicho aliwafunga wakubwa waliomzidi umri mara mbili. Kisha ikaja fasheni ya vipanya vyepesi. Wakavitoboa matundu mgongoni, wakavitoa waya, wakapunguza hiki na kile, na vijana wakawa wanashindana nani anacho chepesi zaidi. Mwaka jana mdogo wangu alibadilisha mara nyingi mpaka nikapoteza hesabu, na kila kipya kilikuwa chepesi kuliko kilichopita. Wenzake wa timu walimsifu. Vule kapunguza tena, walisema, maana ndivyo tunavyomwita, Vule yuko mbele ya wakati. Hata mimi nilijifunza kusema gramu mezani kama mtu anayejua.

Alikuwa pia ameanza kuangusha vikombe. Nikasema halali vizuri. Siku moja nilipokuwa namnyoa nywele aliweka mkono juu ya goti, nikaona pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada pamebonyea, pana shimo, mahali ambapo mimi mwenye kushika mkasi kutwa nina nyama ngumu. Nikasema amekonda. Nikampikia maharage ya kuokwa sufuria nzima na nikakaa naye mpaka akamaliza.

Duka la Radiša huko Niš liko chini ya ardhi, katika kijia cha chini ya barabara, kati ya fundi wa saa na muuza soksi. Zamani Radiša ndiye aliyekuwa na ule ukumbi wa michezo wa Zaječar, na nusu ya vijana wa mji ule walitoroka shule ili wakae kwake. Sasa anauza vipanya, kibodi na hedifoni tu, anavuta sigara mfululizo na kusikia kwake ni kwa kubahatisha. Ana desturi moja asiyoivunja: hutoki na kipanya bila kucheza nacho mbele yake, kwenye kompyuta ya kaunta, huku kila aliyemo dukani akikutazama na kukusema. Siku ile tulikuwa peke yetu, maana nje ilikuwa inanyesha theluji ya majimaji.

"Karibuni, watu wa porini," Radiša alisema. "Tijana, umenenepa. Vizuri. Huyu wako mbona kabaki macho tu?"

"Ana majaribio Jumamosi, mjomba," nikasema. "Mpe kitu cha maana, usimpe mabaki yako."

"Mabaki ninawauzia watu wa Leskovac. Kaa hapo, Vule. Unataka nini?"

"Chepesi kuliko vyote," Vukašin alisema.

Radiša akacheka mpaka akakohoa. "Wote mnataka chepesi. Mwakani nitawauzia maboksi matupu." Akachukua kimoja cheupe juu ya rafu, akakitupa hewani na kukidaka, akakiweka mezani. "Hiki hapa. Ukipiga chafya kinaruka."

Vukašin akavua koti taratibu, akitumia mkono wa kushoto. Akaketi, akafungua mchezo wa mazoezi, ile michoro ya duara nyekundu zinazotokea ukutani ili uzipige. Kabla ya kuanza aligusa-gusa mipangilio. Akacheza. Mimi niliona duara zikipasuka moja baada ya nyingine, nikamkonyeza Radiša, lakini Radiša hakuwa anatazama duara. Alikuwa anatazama mkono.

"Hebu simama," akasema. Akainama kwenye skrini. "Nani kaweka kasi hii?"

"Mimi."

"Wewe? Vule wangu mimi umekuwa karani?"

Kwao hilo ni tusi, na linahitaji maelezo kidogo. Vijana waliokulia kwa Radiša wanacheza na kasi ya chini. Ukitaka kugeuka nyuma kwenye mchezo, unaburuta mkono mzima mezani kuanzia begani, unanyanyua kipanya, unakirudisha katikati, unaburuta tena. Ndivyo alivyowafundisha, na ndivyo wanavyotambuana hata wakikutana ugenini. Anayepandisha kasi ili ageuke kwa kutikisa kifundo tu, wanamwita karani, mtu wa kuhesabu risiti ofisini.

"Nimebadilisha mtindo," Vukašin alisema.

"Mtindo gani? Mimi sikukufundisha uvivu." Radiša akaishusha kasi mwenyewe, kwa kidole chake chenye rangi ya tumbaku. "Cheza kama mtu. Belgrade wakikuona hivi watasema Radiša alikuwa anafundisha wakusanya kodi."

"Mjomba, muache acheze anavyotaka," nikasema.

"Wewe kata nywele."

Vukašin alinitazama mara moja, akashika kipanya. Akaburuta kwenda kulia, akapiga duara ya kwanza, akapiga ya pili. Kisha ikabidi anyanyue. Kipanya kile, ambacho mtoto wa chekechea angeweza kukiinua kwa vidole viwili, kilipanda kidogo tu kutoka mezani, kikaponyoka kati ya gumba na kidole cha pete, kikagonga kaunta. Akakishika tena. Kikaponyoka tena. Mara ya tatu alikirudisha katikati kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayesogeza sahani ya mwenzake, akaendelea kucheza kana kwamba hakuna aliyeona.

Radiša akazima sigara ambayo hakuwa amefika katikati yake.

"Baridi hiyo," nikasema. "Nilimwambia avae glavu. Toka asubuhi namwambia vaa glavu, hasikii."

Muuza soksi wa jirani alikuwa anabishana na mteja, na tulimsikia neno kwa neno.

"Nipe kingine, mjomba," Vukašin alisema.

"Chepesi kuliko hicho sina, mwanangu. Hakipo duniani."

"Sitaki chepesi tena. Nataka laini. Kinachobofyeka kwa nguvu ndogo kabisa."

Radiša akachukua bisibisi, akakifungua kipanya kimoja cheusi, akatoa vitufe vya ndani na kutia vingine vidogo kutoka kwenye kikopo. Alitumia muda mrefu. Mikono yake, ambayo ilikuwa ikitetemeka kwa rakija, pombe yetu kali ya matunda, toka nilipokuwa msichana, siku hiyo ilitulia kabisa. Akamsogezea.

Vukašin akabofya kwa kidole cha shahada. Akabofya kwa cha kati. Akafumba macho akabofya kwa kidole kidogo, kisha akakunja ngumi na kubofya kwa fundo la kidole, kisha kwa upande wa kiganja.

"Bado kigumu," akasema.

"Nikilainisha zaidi ya hapo kitajifyatua ukikiwekea kidole tu. Utapiga risasi bila kutaka, adui atajua ulipo. Hakuna mchezaji wa mashindano anayeweza kutumia kitu hicho."

"Najua. Lainisha."

Hapo nikachemka. Nilikuwa nimefunga saluni, nimepanda basi la alfajiri kupitia milima ya Knjaževac na kutapika kwenye kona, nimemtangaza kwa mji mzima, na huyu hapa anachagua takataka kwa makusudi.

"We Vule, una akili?" nikasema. "Mtu anakwambia hakifai mashindano, wewe unasema lainisha. Keshokutwa una majaribio. Unataka kwenda kuniaibisha Belgrade?"

"Siendi Belgrade, dada."

"Huendi kivipi?"

"Nilimwambia Ognjen wiki iliyopita, akaijulisha klabu. Wameshamchukua mtu mwingine."

Ognjen ndiye nahodha wa timu yao, kijana asiyeweza kufua soksi zake mwenyewe. Yeye aliambiwa. Mimi sikuambiwa. Nasema kweli, kitu cha kwanza kilichonipanda ni wivu, na nikafungua mdomo kumtukana, ndipo Vukašin akauweka mkono wake wa kulia juu ya kaunta, chini ya taa, akaugeuza ili nione.

"Si baridi," akasema. "Na si kukonda. Unakumbuka nilivyokwambia naenda mashindano Sofia? Nilikuwa hapa Niš, hospitali. Walinichoma sindano za umeme mkononi na mguuni, wakanilaza siku chache."

"Wakasema nini?"

"Misuli inakufa. Mkono huu kwanza, halafu ule, halafu miguu."

"Halafu?"

"Halafu kumeza. Halafu kupumua." Alisema kama mtu anayetaja vituo vya basi.

"Dawa je?"

"Ipo ya kuchelewesha. Kidogo tu."

Nikatafuta kiti. Radiša akakisukuma nyuma yangu kwa mguu. Niliutazama mkono ule, na lile shimo lilikuwa kubwa sasa, ungeweza kuweka ndani yake punje ya harage, na nyama juu yake zilikuwa zinarukaruka zenyewe. Mwaka mzima, mkono ulipokuwa unashindwa na kipanya, alinunua chepesi zaidi, na sisi tukapiga makofi. Angekuwa kijana wa kubeba mizigo sokoni, wangeugundua ugonjwa wiki ya kwanza. Kwa wachezaji kupunguza uzito ndio ujanja, basi nani angeuliza? Nilitamani kumpiga mtu na sikumpata wa kumpiga.

"Mama anajua?"

"Hapana. Utamwambia wewe. Mimi siwezi."

"Na mimi nitaweza?"

"Wewe una mdomo," akasema, na akajaribu kucheka, na mimi nikajaribu, na kicheko hakikuja.

Radiša alikuwa ameshika bisibisi bila kuitumia. "Basi kipanya cha nini, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ndogo, yeye ambaye siku zote hupiga kelele kwa sababu hasikii.

"Daktari alisema siku ikifika wataniletea kifaa cha kutumia kompyuta. Chochote kitakachokuwepo stoo. Nikamuuliza, kitakuwa kigumu kiasi gani? Hakunielewa. Alidhani natania." Vukašin akakichukua kile kipanya cheusi kwa viganja viwili. "Mimi nimechagua vipanya vyangu vyote mwenyewe. Na hiki nataka kukichagua mwenyewe, sasa hivi, kidole changu kikiwa bado kinajua tofauti. Baadaye nitabofya chochote wanachonipa na sitaweza hata kusema ni kibaya."

Radiša akageukia rafu. Akatelemsha kikopo kingine, halafu kingine, akamwaga vitufe kwenye kaunta, akaanza kuvijaribu kimoja kimoja karibu na sikio lake linalosikia. Alifungua vipanya vipya kabisa, vya kwenye maboksi, akang'oa vya ndani bila kujali nani atavilipia. Kila kimoja alichofunga, Vukašin alikijaribu kwa mafundo ya vidole na kusema kigumu, au kinachelewa, au kinarudi vibaya. Alikuwa mkali kama zamani, mwenye kudeka kama zamani. Mara mbili walibishana. Mara moja Radiša alimwita punda, na Vukašin akamwambia mjomba umezeeka, mkono wako umekuwa wa kufungulia chupa tu. Mimi nilikaa pale na koti lake mapajani na sikutaka wamalize.

Mwisho kikapatikana kimoja. Vukašin alikibofya kwa kucha, akakibofya tena.

"Hiki," akasema. "Sasa tujaribu na kidevu."

"Na nini?" nikauliza.

"Kidevu, dada. Mikono haitakuwepo. Kishike wewe, hapa, chini ya kidevu changu. Mwishoni wewe ndiye utakayekishika."

Nikainuka. Radiša akanipa kipanya kile cheusi, akatugeuzia mgongo na kuanza kupanga maboksi yaliyokuwa yamepangwa. Nilipiga goti mbele ya kiti cha mdogo wangu, nikakiweka kipanya chini ya kidevu chake, pale ambapo ndevu zake hazijawahi kuota vizuri, na kwenye skrini duara nyekundu zikaanza kutokea ukutani. Alishusha kichwa. Kidevu kikakosa kitufe.

"Juu kidogo," akasema. "Na usitetemeke."

Akasubiri mpaka mkono wangu ukatulia, ndipo akabofya.