Usubi na Miguu ya Baba

Mbu walau ana adabu. Kabla hajakuuma anakuimbia sikioni, ukitaka kumzaba kofi unamzaba. Usubi haupigi hodi. Ni vidudu vidogo kama chembe za pilipili manga, vinatoka mchangani jua likianza kupoa, vinapita kwenye matundu ya chandarua kana kwamba vimealikwa, na wewe unashtukia tu miguu inawaka moto. Kabla hata sijafungua begi langu kwenye ile nyumba ya wageni wanaokuja kupiga mbizi, nilikuwa nimeshajikuna mpaka rangi ya kucha imebanduka.

"Likizo gani hii?" nilimfokea mdogo wangu. "Umetuleta tuje tuliwe?"

Mdogo wangu tunamwita Bosi tangu utotoni, maana alianza kutuma watu kabla hajajua kutembea vizuri. Alikuwa amevaa soksi mbilimbili, suruali ameichomeka ndani ya soksi, taulo kichwani, anarukaruka barazani kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Dada, punguza mdomo," akasema. "Ukiufungua sana wataingia."

Mdomo ninao, sikatai. Mimi ni msusi, na saluni bila mdomo ni chumba chenye vioo tu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kisha nikamgeukia baba.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, kandambili miguuni, ametulia tuli anatazama maji. Hakupiga kofi hata moja. Hakujikuna.

"Wewe hawakuumi?" nikamuuliza.

"Damu yangu imezeeka, mama. Hawaitaki."

"Baba ana damu ya kunguni," Bosi akadakia. "Hata wadudu wenzake wanamkimbia."

Baba akacheka. Mimi na Bosi tukatazamana, tukasahau hata kujikuna, kwa sababu kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu mama afariki.

Maisha yake yote ya kazi baba alikuwa mpiga mbizi wa bandarini. Si wale wa kwenda kutazama samaki. Alikuwa akishuka kwenye maji machafu, maji ambayo huoni hata mkono wako mwenyewe, kukwangua meli kwa chini na kuchomelea vyuma vilivyopasuka. Alirudi nyumbani ananuka mpira na mafuta ya mashine, na sisi tunamvamia mlangoni kumuuliza huko chini kuna nini. "Iko siku nitawapeleka mkaone," alikuwa akijibu. Akastaafu, hatukwenda. Kisha mama akafa, na baba akawa mtu wa kukaa. Anakaa sebuleni, televisheni imezimwa, chai inapoa mkononi. Ukimsemesha anakujibu vizuri tu, ila unaona jibu limetoka mbali. Bosi ndiye aliyemkumbusha ile ahadi, na baba akainuka siku ileile kwenda kutafuta miwani yake ya maji. Kwa hiyo usubi ule niliutukana, lakini ningeuvumilia hata mwezi mzima.

Asubuhi alikuja mwalimu wa kupiga mbizi, binti mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Alimwamkia baba shikamoo, akaketi nasi gatini, akaanza maswali. Kuna mwenye sukari? Presha? Kifua? Kizunguzungu? Ganzi ya mikono au miguu?

"Mimi nina woga," Bosi akasema. "Huo unaruhusiwa?"

"Huo sote tunao," mwalimu akajibu. "Na wewe, mzee?"

"Mimi mzima. Kazi hii nimeifanya kabla wewe hujazaliwa, binti yangu."

"Naamini, mzee. Nauliza kila mtu."

Tukaingia kwenye maji ya kifuani kujifunza. Siku hizo baba nchi kavu alikuwa akitembea kwa kuangalia chini, hatua fupifupi, anashika ukuta, na sisi tukasema ni uzee umemfikia. Majini hakushika kitu. Alijilaza, akapiga pezi moja taratibu, akapotea, akaibukia upande mwingine anatabasamu. Mimi nilipoweka ule mpira wa hewa mdomoni na kuzamisha kichwa, roho ilinitoka. Nilitaka kukurupuka. Baba akanishika mikono yote miwili, akanikazia macho nyuma ya kile kioo, akavuta pumzi polepole ili nimfuate, mpaka moyo ukatulia. Nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, nilijiona nimebebwa.

"Hapa ni barazani tu," alituambia tulipotoka. "Kesho tukifika kwenye matumbawe, nitawaonyesha ofisi yangu."

Mchana ule alikula akamaliza sahani. Alisimulia habari za meli moja iliyong'ang'ania mwamba, akawa anaigiza kwa mikono, Bosi anacheka mpaka anapaliwa. Nilijisemea moyoni, Mungu wangu, baba amerudi.

Bosi alipokwenda kuoga, nilipiga magoti nimvue baba vile viatu vya mpira, maana kuinama kulikuwa kunamsumbua. Kiatu cha kulia kilipotoka, kilidondosha kipande cha tumbawe chenye ncha, na maji mekundu nyuma yake. Kisigino kilikuwa kimechanika. Kuanzia kifundo cha mguu mpaka katikati ya muundi palikuwa vipele vitupu, vingine vimepasuka vinatoa maji. Mguu wa pili vilevile. Usubi haukumkwepa baba hata kidogo. Ulimla yeye kuliko sisi wote, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye hakuufukuza.

Juu yangu alikuwa bado anaisimulia ile meli. Nikauingiza ukucha wa kidole gumba kwenye unyayo wake, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote.

"Basi nahodha anapiga kelele," baba akaendelea, "na mimi niko chini nasikia chuma kinalia..."

"Baba."

"Naam."

"Nimekufinya."

Akatazama chini, akauona mkono wangu. Ile meli haikufika mwisho wake.

"Ganzi tu ya uzee," akasema.

"Tangu lini?"

Akatazama maji.

"Umekwenda hospitali?"

Akatafuta kandambili zake kwa macho.

"Mwalimu amekuuliza leo asubuhi, baba, mimi nikiwepo. Ukasema mzima."

"Ningesema ukweli angenikalisha ufukweni nilinde mataulo yenu." Akainama kidogo, akashusha sauti. "Kule chini hakuna anayekanyaga, mama. Kule miguu ni ya kupiga maji tu, na ya kwangu bado inapiga, umeona mwenyewe. Nipe kesho. Kesho tu, halafu nitakwenda hospitali yoyote unayotaka. Na mdogo wako asijue."

Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu. Tulipokuwa wadogo hata maji ya kunywa alijichotea mwenyewe. Nilikisafisha kile kisigino, nikakifunga kitambaa, nikamwambia, "Vaa soksi." Naye akalichukua kuwa ndiyo. Jioni ile usubi ulinila nisijue, mwili uko pale na akili haipo, na Bosi akaniuliza kama hatimaye wamenikata ulimi. Nilikuwa namwangalia baba akipangusa miwani yake kwa ncha ya shati, anaiinua kwenye taa, anapangusa tena.

Kulipokucha alitutangulia gatini. Tulimkuta ameshavaa nguo yake ya mpira, anakagua mitungi ya hewa mmoja mmoja, anapiga mluzi. Mwalimu alipokea mapezi kutoka kwa nahodha wa boti yetu, akatugeukia.

"Wote wazima? Kuna chochote kimebadilika tangu jana?"

"Twende," baba akasema.

Niliangalia maji. Nilimfikiria akiwa huko chini amejichana na hajui, au mwili unapaswa kumwambia panda na miguu haimpi habari. Nikamfikiria vilevile sebuleni na ile chai.

"Baba hana hisia miguuni," nikasema. "Jana amejikata kisigino hakujua. Nimemfinya hakujua."

Mluzi ukakatika.

"Dada, una wazimu?" Bosi akasema.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alichuchumaa mbele ya baba, akasema, "Naomba nione, mzee," na baba akamwachia mguu kama anayemwachia mtu mzigo. Yule binti akavitazama vile vipele na kile kitambaa kilicholowa damu.

"Mzee, wewe haya unayajua kuliko mimi," akasema. "Mtu akipanda vibaya kutoka chini, damu ikaingia mapovu, ganzi ndiyo inayonishtua. Wewe ukiwa nayo kabla hujashuka, nitajuaje?"

"Hutajua," baba akasema.

"Basi siwezi kukushusha. Unisamehe."

Baba akaanza kujivua ile nguo ya mpira. Zipu ikakwama mgongoni, nikanyoosha mkono nimsaidie, akalisogeza bega.

"Umenivua nguo mbele za watu," aliniambia taratibu. "Hii iliyobaki nitaivua mwenyewe."

Boti iliondoka na wageni wengine. Bosi naye alikataa kwenda, akakaa mwisho wa gati amenipa mgongo mpaka jua likawa kali. Mimi nilijifungia chumbani nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia baba kwa kunibebesha siri yake, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilijua nimemrudisha kwenye kile kiti cha sebuleni kwa mkono wangu. Ningerudiwa na asubuhi ile ningesema vilevile, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni usubi ukatoka kama kawaida yake. Baba alikuwa barazani, hajala. Mpishi wa pale alikuwa amenipa mafuta ya nazi. Ukijipaka mengi, mdudu akitua ananasa kabla hajauma. Nilipiga magoti mbele ya baba nikitegemea atasogeza miguu kama alivyosogeza bega. Hakuisogeza. Nikaanza kumpaka, polepole, nikikwepa vile vidonda.

"Umeniuliza tangu lini," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Siku tuliyomzika mama yenu. Nilivua viatu pale kaburini, nikakanyaga ule udongo uliochimbwa, nao ulikuwa umelowa mvua. Sikuuhisi. Nikasema ni msiba. Nikasema mtu akiondokewa na mke ndivyo anavyokuwa, anakufa ganzi, itakwisha yenyewe." Akapumua. "Haikwisha. Hospitali ningekwenda kusema nini? Daktari, mke wangu amefariki? Halafu ukweli, mama, ikafika mahali sikutaka iishe."

Nikachota mafuta mengine, nikaendelea kumpaka.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, amesikia yote. Akaja, akaketi sakafuni bila soksi wala taulo, akachota mafuta, akaushika mguu wa kushoto.

"Kesho tunarudi mjini, baba," akasema. "Moja kwa moja hospitali."

"Tutakwenda."

"Mguu huu nimeushika mimi."

Baba akainama mbele aone.

"Ndiyo," akasema. "Naona."

Tukaendelea kumpaka, mimi huu, Bosi ule, na yeye akiifuata mikono yetu kwa macho ili ajue iko wapi.